Kipande Kilichokatwa Gazetini

Kestner Mills, Pennsylvania
15 Septemba 1975

Mdogo wangu Lud,

Kabla hujauliza: tuko wazima wote, paa la nyumba yako halivuji, na ule ufa wa ngazi za mlangoni nimemwita fundi akauziba. Ijumaa nilikwenda kaburini kwa mkeo Marta, nikang'oa magugu na kumwekea maua ya njano aliyokuwa akiyapenda. Miaka kumi na moja sasa tangu tumzike, na bado nikifika pale namweleza habari za Teddy wenu kama mtu anayenisikia. Padri mpya anaimbia puani. Nyanya zimezaa mpaka zinatia hasira. Nimeshajaza chupa arobaini na nyingine bado ziko juu ya meza zinanikodolea macho. Wendell wangu anakusalimu. Mgongo unamsumbua lakini hasemi. Unajua daktari akiwa mgonjwa alivyo.

Haya, sasa lile unalolitaka. Jumamosi chuo kimefungua msimu wa futiboli yetu ya Kimarekani na tumewachapa wageni pointi 31 kwa 7. Teddy ndiye mrushaji wa kwanza mwaka huu, yule anayewaongoza wote na kurusha mipira, hakuna tena kukaa benchi kumsubiri mkubwa amalize masomo. Amerusha mabao matatu, Lud! Moja limeruka nusu ya uwanja na kumwangukia mwenzake kifuani kama mkate anaoletewa mlangoni. Watu walisimama. Wendell amekuwa daktari wa timu hii miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hatujawahi kumaliza msimu tukiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Jumamosi ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipiga kelele uwanjani kama mhuni.

Robo ya tatu majitu mawili yalimwangusha Teddy vibaya kidogo, lakini aliinuka akicheka. Nakuwekea kipande cha gazeti ukawaonyeshe wenzako huko.

Jifunike masikio. 
Dada yako, Irena


Kambini, Alaska
26 Septemba 1975

Dada Irena,

Salamu kwako na kwa shemeji. Mimi mzima. Hapa tunachomelea bomba la mafuta saa kumi na mbili kwa siku, na chakula ni kingi kuliko harusi. Theluji imeanza. Asante kwa Marta na kwa ngazi.

Gazeti nimelibandika juu ya kitanda. Wenzangu wameanza kuniita Baba Teddy. Lakini nina maswali mawili, nawe unijibu bila kunizungusha.

La kwanza. Umeandika kwamba aliangushwa na majitu mawili akainuka akicheka. Alikuwa akicheka nini? Mimi nimeangushwa na majitu mawili mara nyingi maishani, sikumbuki kulikuwa na kichekesho.

La pili. Hicho kipande cha gazeti kimekatwa kwa mkasi chini, katikati ya sentensi. Kinaishia, "Katika robo ya tatu Hrabovsky, baada ya", kisha mwisho. Baada ya nini? Wewe ni mtu wa kuhifadhi gazeti zima na kulikunja mara nne. Nani amekata?

Simu ipo moja tu hapa na foleni yake ni saa mbili, halafu wanaume ishirini wanasikiliza kila unachosema. Kwa hiyo andika.

Lud


Kestner Mills
6 Oktoba 1975

Mdogo wangu Lud,

Barua yako imefika leo asubuhi, na nakujibu kabla hata ya kuosha vyombo. Sisi wazima. Binti wa jirani, yule mwenye meno ya mbele makubwa, amechumbiwa. Kuni zako nimeziingiza chini ya nyumba. Majani ya miti yameanza kuanguka, na jana tuliyafagia mimi na Teddy, yeye akiwa mvivu kama baba yake.

Kuhusu gazeti, jamani, wewe ni polisi? Chini yake kulikuwa na tangazo la sidiria. Nikasema nisiwapelekee wanaume mia tatu wa kambini picha ya namna hiyo. Ndiyo maana nikakata.

Tumeshinda michezo minne kati ya minne! Juzi Jumamosi ilikuwa 24 kwa 20, tumewapita dakika ya mwisho. Magazeti ya mji mkubwa yamemwandika Kocha Garrity kwamba amegundua mbinu mpya. Mwaka huu hamwachi mrushaji achague mbinu mwenyewe. Kila mara anamwingiza mchezaji mmoja mbio kutoka pembeni, anamnong'oneza Teddy cha kufanya, na Teddy anafanya. Wanasema ni akili kubwa. Sijui. Mwaka jana Teddy alikuwa anazijua mbinu zote kwa kichwa, zaidi ya mia, akizipanga hapa mezani kwangu kwa vijiko na vifuniko vya chupa.

Wendell anasema Teddy yuko sawa kabisa.

Na mimi nina swali langu. Je, Teddy anakuandikia? Namwuliza kila Jumapili, naye ananiambia, "Nitamwandikia, shangazi." Nikimwuliza tena, ananitazama kama vile sijawahi kumwuliza.

Irena


Kambini
19 Oktoba 1975

Dada,

Salamu. Baridi ni ya kukata pua. Jamaa mmoja amevunjika mguu, wamempeleka Fairbanks kwa ndege. Mimi mzima.

Sasa sikiliza. Hapa kuna mtu anaitwa Yost, wa bonde letu hilohilo, ng'ambo ya mto. Mkewe humtumia magazeti kwa furushi, mazima, hana mkasi. Nimelipata gazeti la tarehe 14 Septemba. Nikatazama pale ulipokata na chini yake. Hakuna sidiria, Irena. Kuna ratiba ya misa.

Ninakunakilia kilichokatwa: "Hrabovsky, baada ya kuangushwa, alitembea kuelekea kundi la wapinzani na kusimama katikati yao akisubiri maagizo, mpaka mwamuzi alipomshika mkono na kumrudisha kwa wenzake. Daktari wa timu, Wendell Maddox, alisema kijana alikuwa amekatika pumzi tu."

Amekatika pumzi! Pumzi ndizo zinazomwonyesha mtu njia ya kwenda kwa wenzake? Umeniandikia uongo kwa mkono wako, wewe uliyenilea. Nataka kujua shemeji amekwambia nini, na wewe umemwambia nini. Naona mnanifichia jambo watu wawili mnaolala kitanda kimoja, nami niko maili elfu nne nabandika makaratasi ukutani kama mjinga.

Kuhusu Teddy: hajaniandikia. Vijana ndivyo walivyo.

Lud


Kestner Mills
2 Novemba 1975

Lud,

Mke wa kaka wa Marta amejifungua mtoto wa kiume. Mtungi wako wa mafuta ya kupashia nyumba moto umejaa. Hayo ndiyo ya salamu, sina mengine leo.

Ndiyo, nilikata mimi. Wendell aliniomba, akasema, "Lud akisoma hivyo ataacha kazi aje kuharibu msimu mzima kwa jambo la dakika tano." Lakini mkasi ulikuwa mkononi mwangu, simsingizii mtu. Nilimwamini. Nimemwamini miaka ishirini na mbili.

Nakwambia sasa yote ninayoyajua, nawe ukae chini ukisoma.

Jumapili ya tarehe 19 Oktoba, siku moja baada ya ushindi wa sita, Teddy alikuja kula kama kawaida. Nilipika nyama iliyoviringishwa kwa majani ya kabichi, kile chakula cha mama yetu. Akainamisha kichwa akasali ile sala ya bibi, kwa lugha ya bibi, vizuri kabisa. Tukasema amina. Nikampa sahani. Akaitazama sahani, akainamisha kichwa, akaisali tena tangu mwanzo mpaka mwisho. Wendell akaendelea kukata nyama. Halafu Teddy akaniambia, "Ni tamu sana, mama." Hakuwa anatania, Lud. Alikuwa na sura ya miaka tisa.

Alipoondoka nilimwuliza Wendell, "Umeona?"

"Nimeona kijana aliyechoka."

"Amesali mara mbili."

"Basi kabichi yako imebarikiwa vizuri."

"Wendell, usinifanyie mzaha. Amenidhania Marta."

Akaweka uma chini. "Unataka nikasimame mbele ya Garrity nimwambie nini? Kwamba mke wangu anahesabu sala?"

Tangu hapo nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Namsikiliza Wendell akizungumza kwa simu kupitia mlango. Nikisikia funguo zake nafunga droo. Nguo za Teddy ninafua mimi, unajua, na wiki ile nilikuta utepe mweupe umenasa ndani ya mkono wa sweta, ule wanaofungia vifundo. Umeandikwa kwa kalamu, herufi ndogo ndogo. Nilidhani ni michezo ya kocha. Ni majina, Lud. Majina ya wenzake na namba zao mgongoni. Wale vijana kumi ambao wamekula mezani kwangu tangu mwaka wa kwanza, ambao mmoja wao analala naye chumba kimoja.

Jana wameshinda wa saba. Mji mzima umechanganyikiwa kwa furaha. Mwokaji ameandika namba ya jezi ya Teddy juu ya mikate. Nikisimama dukani watu wananishika mkono, na mimi natabasamu kama mwehu.

Nimebakiwa na njia moja, na njia hiyo ni wewe. Mimi Teddy hanisikilizi, ananibusu kichwani na kuondoka. Wewe ukimwandikia, "Acha," ataacha. Unajua hivyo. Tangu utotoni hajawahi kukupinga neno. Imebaki michezo mitatu. Mwandikie leo hii, usingoje kesho.

Dada yako


Kambini
11 Novemba 1975

Dada yangu mpendwa Irena,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, wewe na shemeji Wendell pamoja na majirani wote. Mimi huku sijambo kabisa. Theluji sasa imefika kwenye madirisha na jua linakaa muda mfupi tu. Tunavaa glavu mbili mbili. Juzi dubu aliingia jikoni akala siagi yote, mpishi akapanda juu ya friji, tulicheka sana. Wiki ijayo tunahamia sehemu ya mbele, maili kama sita. Mashine nyingine zinagoma kuwaka kwa baridi, inabidi ziachwe zikinguruma usiku na mchana. Mpelekee pongezi mke wa kaka wa Marta kwa mtoto.

Kuhusu lile jambo, nadhani tusikurupuke. Wendell ni daktari, mimi na wewe si madaktari. Michezo mitatu siyo mingi, na barua hii ikifika itakuwa umebaki mmoja. Nasikia mchezo huo wa mwisho watakuja watu wa timu za kulipwa kumtazama. Mwanamume hupata siku kama hiyo mara moja. Mimi sikuipata.

Acha amalize, halafu tutazungumza.

Ndugu yako, Ludvik


Kestner Mills
24 Novemba 1975

Ludvik,

Salamu utazipata ukizistahili.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Wewe ambaye hujawahi kuandika mistari miwili juu ya hali ya hewa, umenipa ukurasa mzima wa theluji na dubu. Mwezi uliopita ulikuwa unanichana kwa sababu ya sentensi moja ya gazeti. Leo nimekwambia mtoto hajui majina ya rafiki zake, unaniambia tusikurupuke. Nikajiuliza, huyu amegeuzwa na nini? Nikamshuku Wendell kwamba amekuandikia kisirisiri. Nikamshuku kocha. Sikukushuku wewe mpaka Ijumaa mchana, nilipochukua koti la Teddy la sufu kulipiga brashi.

Mfuko wa ndani. Mwandiko wako. Tarehe 2 Oktoba.

Nakunakilia, kama ulivyoninakilia wewe: "Mwanangu, maumivu ya kichwa ni kitu cha kawaida kwa mchezaji, hata mimi niliyapata, na kusahau kidogo kutapita. Vumilia. Usimwambie shangazi yako, atapiga kelele na kila kitu kitaharibika. Msimu huu ni wako."

Tarehe 2 Oktoba, Lud! Ulipokuwa unaniita mwongo ulikuwa umekwisha kujua siku kumi na saba. "Hajaniandikia. Vijana ndivyo walivyo." Na mimi nilikuwa naishi na mume ninayempekua mifuko, nikifikiri ndugu yangu ndiye mtu pekee duniani aliye upande wangu.

Sikulia. Niliketi kwenye ngazi na koti magotini. Baadaye nikaenda kwenye mkoba wa Wendell, nikachukua kile kidaftari chake cheusi cha timu ambacho nilikuwa nimekiogopa wiki tano, nikakisoma. Kisha nikamngoja Teddy.

Alikuja Jumamosi saa mbili asubuhi kunywa kahawa, kama wanavyofanya siku za mchezo wa nyumbani. Bendi ya chuo ilikuwa tayari inapita barabarani. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu. Leo utanisikiliza."

"Shangazi, nina saa moja tu."

"Inatosha. Umeshawahi kuumia kichwa mwaka huu?"

"Mara moja. Ule mchezo wa kwanza, wanasema nilikwenda kwa watu wengine." Akacheka.

Nikafungua daftari nikamsomea. Kwamba tarehe 13 Septemba alikwenda kwa wapinzani. Kwamba tarehe 4 Oktoba, wakati wa mapumziko, alimwuliza Wendell kama mchezo umeanza. Kwamba tarehe 18 alitapika nyuma ya benchi na hakujua yuko mji gani, akarudishwa uwanjani dakika nane baadaye na kurusha bao la ushindi. Kwamba Jumamosi iliyopita macho yake hayakuweza kufuata kidole.

Aliacha kucheka. "Hiyo si mimi," alisema. "Hilo bao la tarehe 18 nakumbuka... " Halafu akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Nimeliona kwenye filamu ya kocha. Nimeliona kwenye filamu, shangazi. Silikumbuki."

Wendell alikuwa amesimama mlangoni amevaa tai ya timu. Sijui alifika lini. Teddy akageuka akamwuliza, kwa upole kabisa, kama anauliza saa, "Anko, ni mara ngapi?"

Nilimtazama mume wangu. Nilitaka adanganye ili nimchukie vizuri.

"Nne," alisema. "Nne ambazo nimeziona." Akavua miwani. "Kila mara nilijiambia hii ndiyo ya mwisho. Ulikuwa unaamka, unashinda. Miaka kumi na tisa, Teddy, nimefunga vifundo vya watu wanaoshindwa."

"Na ungeniachia leo?"

Wendell akaanza kufuta miwani kwa ile tai. Na sote tulilisikia jibu.

Basi nikaitoa barua yako, nikaiweka mezani karibu na kikombe chake. Nilidhani atanikasirikia kwa kumpekua. Akaitazama tu. "Naijua hii," alisema. "Niliikuta mfukoni. Nimekuwa nikiisoma kila wiki, sielewi. Baba ananijibu nini? Mimi nilimwandikia lini?"

Ndivyo alivyosema, Lud. Hakumbuki kukuandikia. Ametembea na jibu lako wiki sita bila kujua aliuliza nini.

Wendell alimpeleka uwanjani kwa gari, nami nikakaa kiti cha nyuma bila kualikwa. Wendell akamwendea Garrity mbele ya wachezaji wote, akamwambia, "Hrabovsky hachezi." Kocha akasema, "Acha utani, daktari." Wendell akasema tena, "Hachezi, na kuanzia kesho tafuta daktari mwingine." Garrity alimgeukia Teddy mwenyewe: "Kijana, wamekuja watu watano kukutazama. Unasemaje wewe?" Na Teddy akamwambia, "Kocha, niambie jina la huyu aliye kushoto kwangu, nami nitacheza, kwa sababu mimi silijui mpaka nisome mkononi." Aliye kushoto kwake ni yule wa chumba kimoja. Alianza kulia palepale na vikinga vyake mabegani.

Aliketi benchi na koti lake. Jukwaani watu walizomea; mwokaji alizomea, nilimwona kwa macho yangu. Yule kijana wa akiba, Pruett, hakurusha mpira hata mara sita. Walikimbia nao tu, kwenye tope, wakilaliana kama nguruwe alasiri nzima, na tukashinda 6 kwa 3. Michezo kumi, ushindi kumi. Kengele za chuo zimelia mpaka jioni. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kumpa Teddy mkono, isipokuwa Pruett.

Teddy amelala hapa nyumbani. Wendell analala kliniki, nimemwambia akae huko kwanza. Jumatano tunakwenda kwa wataalamu Pittsburgh.

Nataka kitu kimoja kutoka kwako. Barua aliyokuandikia. Usininakilie. Itume yenyewe.

Irena


Kambini
5 Desemba 1975

Dada Irena,

Mimi mzima wa mwili.

Matokeo yalifika kwa redio kabla ya barua yako. Wenzangu waliniinua juu mabegani pale kantini, wakaimba. Redio ilisema 6 kwa 3 bila kutaja nani alirusha. Nilijua kuna jambo, nami nikawaacha waniimbie. Hayo ndiyo maisha niliyokuwa nikiishi tangu Oktoba.

Barua yake hii hapa. Imekunjwa sana kwa sababu ilikuwa ndani ya pochi. Utaona ameandika "Baba" mara mbili juu, na katikati amerudia sentensi. Niliviona vyote hivyo siku niliyoipata. Sitakwambia sikuviona.

Ulipokuwa unanificha, nilikukasirikia kwa dhati, Irena, hiyo barua yangu ya kwanza haikuwa ya uongo. Halafu hii ikafika. Nikasoma mwisho wake anaponiomba nimwambie. Nikaketi na kalamu. Nilikuwa naweza kuandika neno moja. Wenzangu walikuwa wananiita Baba Teddy. Mimi mchomelea mabomba ambaye kiwanda kilimfungia geti baada ya miaka kumi na nane, hakuna mahali nilipokuwa baba wa mtu. Nikaandika lile lingine.

Na nilipokugombeza juu ya gazeti, nilikuwa natafuta mtu aliyekosa zaidi yangu.

Kazi inasimama kidogo mwanzoni mwa Januari. Naweza kufika kwa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, tarehe saba. Sitakuja bila kuambiwa.

Lud


Kestner Mills
16 Desemba 1975

Mdogo wangu Lud,

Sisi tunaendelea. Theluji imefika na hapa sasa, huna cha kututambia. Mtoto wa kaka wa Marta amebatizwa, amepiga kelele mpaka padri akasahau kuimbia puani. Wendell anakuja kula Jumapili, anagonga mlango kama mgeni, na saa nane namrudisha. Ninakula naye, lakini hatuzungumzi mengi. Bado nikimsogelea nasikia mkono wangu unataka mfuko wake, nami nautuliza.

Wataalamu wamesema asicheze tena, kamwe. Wamesema mengine yatarudi na mengine hayatarudi, na hawajui yapi. Maumivu yamepungua. Anasoma nusu saa, anapumzika giza, anasoma tena. Majina ya wenzake wote anayajua sasa. Walikuja jana saba, wakala kila kitu, hata nyanya za chupa. Chuo kimetoa pete za ubingwa. Yake imeletwa na mtu wa ofisini, ndani ya bahasha. Ameivaa siku moja, akaiweka kwenye droo ya vijiko.

Barua yake nilimpa mkononi, sikuisoma kwanza. Nataka ujue hilo, kwamba kuna kitu kimoja mwaka huu sikukisoma kwanza. Aliketi dirishani akaisoma polepole, kama mtu anayesoma habari za mwenzake. Kisha akanisomea mwisho kwa sauti: "Nakuuliza wewe, baba, kwa sababu shangazi atalia na anko atasema niko sawa. Kichwa changu kinaniogopesha. Ukiniambia niache, nitaacha leo."

Akaikunja. Nikangoja alie, au akulaani. Akasema, "Huyu kijana alikuwa na akili, shangazi. Alijua wa kumwuliza. Bahati mbaya tu."

Nikamwuliza kama uje. Akatazama nje dirishani, mpaka nikadhani amesahau swali, nikaanza kulirudia. Akainua mkono. "Nimesikia, shangazi. Nafikiri." Akafikiri mpaka kahawa ikapoa.

"Aje," alisema. "Lakini safari hii nitamwuliza ana kwa ana, nione uso wake akijibu."

Basi njoo tarehe sita, kwa treni ya mchana. Mimi sitakuja stesheni. Atakuja yeye, peke yake, kwa miguu, anaijua njia.

Irena